Polisi wa Tumbo la Mama

Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kazini na mtaani hakuna aliyejisumbua nalo. Walimwita Taratibu. Alikuwa mwalimu wa udereva, na neno hilo alilisema kutwa nzima: taratibu na klachi, taratibu kwenye kona, taratibu, huyo ng'ombe naye ana haki ya barabara. Hata watoto wake wawili, wakitaka kumtania mama yao, walimwita Mwalimu Taratibu, naye akaitika bila kununa.

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lililochakaa viti, na upande wa abiria alikokaa yeye kulikuwa na breki na klachi za ziada. Kuna walimu wa kazi hiyo wanaoikanyaga breki yao kwa hasira mpaka mwanafunzi anabusu usukani. Taratibu aliikanyaga polepole huku akiendelea na hadithi yake, na mwanafunzi akadhani ni yeye mwenyewe aliyesimamisha gari. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, mzee mwenye bucha, aliyeushika usukani kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamtoka. Taratibu akamwambia, "Mzee, huyu ameshachinjwa, hakimbii. Legeza mikono." Yule mzee alicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo akawa haendeshi na mwalimu mwingine.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa mzaha. Alijua kumwambia mtu habari mbaya. Mwanafunzi ambaye hajaiva hakumwita pembeni wala kumketisha ofisini. Alimwacha azunguke kiwanja cha mazoezi mwendo wa pole, wote wawili wakitazama mbele, kisha akasema mara moja tu, kwa maneno yaliyonyooka: "Bado hujaiva. Ukienda kwenye mtihani wiki hii utaanguka." Baada ya hapo alinyamaza. Hakuongeza pole, hakuongeza mawaidha. Watu walishuka kwenye gari lile wameambiwa wameshindwa, na bado wakamshukuru. Wenzake walimuuliza siri yake, akasema siri ni kutomtazama mtu usoni wakati anaumia.

Sasa mtu wa namna hiyo, ungedhani kwake nyumbani mambo yangekuwa mepesi. Wapi! Fundi wa nyumba za watu, kwake panavuja.

Tumbo lilianza kumsumbua kama linavyomsumbua mtu yeyote. Alimeza vidonge vya dukani, akanywa maji ya moto, akasema ni chakula cha barabarani. Alipokwenda hospitali hatimaye, alikwenda na dada yake mkubwa, ambaye watoto walimwita Mama Mkubwa na waliishi naye nyumba moja tangu baba yao alipofariki wakiwa wadogo. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha picha, akawaeleza kwamba ni saratani, imeanzia tumboni na imeshaingia kwenye ini, na kwamba hawataweza kuiondoa. Watakachoweza ni kupunguza maumivu. Taratibu alitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Dada yake alikuwa ameukumbatia mkoba wa mgonjwa kana kwamba kuna mtu anataka kuuchukua.

Walipofika nyumbani watoto walikuwa sebuleni wakisubiri. Wa kwanza, kijana wa miaka kumi na saba, mrefu, wa maneno machache. Wa pili, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye maneno ya kaka yake yote aliyachukua yeye. Msichana akasimama. "Daktari amesemaje?"

Taratibu aliinama kufungua kamba za viatu ili apate pumzi ya kujibu. Dada yake hakuhitaji pumzi. "Vidonda vya tumbo tu," alisema. "Atakunywa dawa, atafuata masharti, atapona."

Taratibu alibaki ameinama kwa muda ambao viatu havikuuhitaji. Alipoinuka, msichana alikuwa amemkumbatia na kijana alikuwa anatabasamu, na yeye hakupata mahali pa kuingiza neno.

Tusimlaumu sana dada mtu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa maisha yake yote ya kazi, na kwa mamia ya mabinti wa watu alijifunza sheria moja: mtoto mwenye mtihani mbele yake haambiwi msiba. Jioni ile, wakiwa jikoni wawili peke yao, alisema, "Funika kombe, mdogo wangu. Wamalize kwanza mwaka wa shule. Kijana ana mtihani wa mwisho."

"Na nisipofika huo mwisho wa mwaka?"

"Usiongee hivyo."

"Mimi siongei, dada. Daktari ndiye kaongea. Wewe ulikuwepo."

Dada mtu akafungua bomba la maji kwa nguvu ili yasisikike mengine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ile habari ya vidonda ingekaa tu kama uongo mwingine wa nyumbani, lakini msichana alikuwa amesikia neno moja ambalo watu wazima walilisema kwa kupita: masharti. Alilishika hilo. Alimuuliza mwalimu wake wa bayolojia. Alimuuliza muuguzi wa shule. Kisha akamuuliza jirani yao mwenye saluni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu yule jirani aliwahi kuugua vidonda vya tumbo kweli, na akapona kweli.

"Mimi nilikuwa mfu natembea," jirani alimwambia. "Kilichoniponya si dawa, ni masharti. Mgonjwa asiyefuata masharti anakufa navyo, na anayempikia ndiye mganga wake."

Msichana alirudi nyumbani na vita. Pilipili zilitoka jikoni siku hiyo hiyo. Zikafuata ndimu, majani ya chai, maharage, soda, na kila kitu kilichokaangwa. Alijifunza kupika uji laini usio na sukari nyingi, viazi vya kupondwa, wali uliolegea kama wa mtoto mchanga. Aliamka kabla ya kila mtu ili mama asitoke na tumbo tupu, kwa kuwa tumbo tupu, alisema, ndilo adui namba moja. Alikagua mkoba wa mama kila jioni. Karanga zilikamatwa. Bazoka za kutafuna zilikamatwa. Kaka yake alimpa cheo cha Polisi wa Tumbo, na mali yote iliyokamatwa yeye ndiye aliyeihukumu, akaila.

Mwanzoni Taratibu aliona raha, tusifiche. Nani hapendi kupikiwa uji na mwanawe? Alikaa mezani kama mteja, akatania, "Afande, naomba ruhusa ya kuongeza chumvi," na Polisi akamjibu, "Ombi limekataliwa." Walicheka. Kuna siku alisahau kabisa kwamba ni uongo, akahisi kweli kwamba uji ule unafanya kazi.

Mwili haukusahau. Sketi zilianza kumzunguka kiunoni. Macho yakaingia ndani, ngozi ikabadilika rangi. Na kadiri mama alivyokonda, ndivyo mtoto alivyozidisha ukali: uji mzito zaidi, mara nyingi zaidi, mboga zimechemshwa mpaka hazijulikani ni mboga gani.

Jioni moja Taratibu alikuwa amejilaza chumbani, dirisha likiwa wazi, na watoto walikuwa nje wakianua nguo.

"Anakula kitu kazini," msichana alikuwa anasema. "Lazima. Mimi nampikia kila kitu sawasawa, mbona anakonda? Ama yeye anatudanganya, ama mimi kuna mahali nakosea."

"Hukosei," kaka yake alisema.

"Sasa mbona hapati nafuu?"

Kaka akaendelea kuanua nguo, na Taratibu alilala pale akitazama dari. Aliona jambo ambalo hata daktari hakulionyesha kwenye picha zake. Atakufa, hilo alikuwa ameshalimeza kwa kiasi mtu anachoweza kulimeza. Lakini akifa hivi hivi, na vidonda vyake vya kusingiziwa, huyu mtoto atabaki na mojawapo ya mawili: ama mimi nilimuua mama kwa kutojua kupika, ama mama alijiua kwa ulafi. Atazeeka nalo. Atakuwa na watoto wake, na bado kila akikoroga uji atajiuliza.

Ungedhani aliinuka palepale akaenda kusema. Aliinuka, ni kweli. Alikwenda mpaka walipo, akasimama mbele ya binti yake, akafungua mdomo, na kilichotoka ni kuuliza kama kuna mtu ameona mkasi wa kucha. Kesho yake akajaribu tena, akaishia kuuliza habari za shule. Siku nyingine aliketi kwenye kitanda cha binti yake, akamshika mkono, na msichana akasema kwa furaha, "Leo mikono yako ina joto, naona damu inarudi." Baada ya hapo angesema nini?

Kilichovunja ukimya ni samaki.

Daktari alikuwa amemwambia, alipokwenda kuongezewa dawa za maumivu, "Kula unachokitamani, mama. Hakuna chakula kitakachokudhuru zaidi." Shida ni kwamba alikuwa hatamani kitu. Wiki nzima chakula kilimnukia kama sabuni. Kisha mchana mmoja, akitoka kumfundisha yule mzee wa bucha kurudi kinyumenyume, harufu ikamjia kutoka kwenye mkahawa ulio kando ya kiwanja cha mazoezi: samaki wa kukaanga, aliyepakwa pilipili. Mate yalimjaa mdomoni. Alishangaa, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akamwambia yule mzee, "Leo nala," wakaingia.

Alikuwa amemaliza upande mmoja wa samaki, vidole vyekundu kwa pilipili, jasho linamtoka kwa utamu, msichana alipotokea mlangoni. Shule ilikuwa imefunga mapema siku hiyo. Alikuja kumshtukiza mama yake ili warudi pamoja.

Hakuingia ndani kabisa. Alisimama pale pale, mkoba wa shule begani, akapaza sauti mbele ya mkahawa mzima.

"Kumbe! Kumbe ndiyo hivi! Mimi naamka gizani nakupikia, wewe unakuja kujiua huku!"

"Mwanangu, ngoja..."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndivyo unavyotuambia sisi? Wewe husikii la mtu yeyote! Unataka tubaki na nani? Eh? Unataka tubaki na nani?"

Watu waliacha kula. Mzee wa bucha, ambaye naye alikuwa ameambiwa habari ya vidonda kama kila mtu, alijaribu kuokoa mambo kwa kicheko. "Mtoto ana haki, mwalimu. Masharti ni masharti. Weka huyo samaki chini."

Taratibu akamweka chini. Alitaka kusema kitu, lakini pilipili ilikuwa bado inamwaka mdomoni na machozi yalikuwa yameshamtoka, na mtu yeyote aliyemtazama angeapa kwamba ni pilipili. Msichana aligeuka akaondoka akikimbia.

Tangu siku hiyo alipika, akaweka mezani, akaondoka bila neno. Hakukagua tena mkoba. Taratibu angelipa chochote kusikia "ombi limekataliwa" mara moja zaidi.

"Atazoea," dada yake alisema. "Hasira za watoto ni moshi."

"Hiyo si hasira, dada, hiyo ni hofu. Anaona nakufa na anadhani angeweza kunizuia." Taratibu alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, mkono tumboni. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kikiniumbua nitakuwa sipo, sitaona haya. Atakayebaki na aibu ni yule mtoto."

Dada mtu alikuwa anaosha kikombe. Aliendelea kukiosha kile kile, ndani na nje, mabega yakimtikisika. Mwishowe akasema, "Basi waambie. Ila mimi nisiwepo. Siwezi."

Jumapili kiwanja cha mazoezi huwa kitupu. Taratibu aliwaambia watoto kwamba ni wakati kijana aanze kushika usukani, na kwamba mdogo wake naye aje ajifunze kwa macho. Msichana alikuja kwa kulazimishwa, akakaa kiti cha nyuma, mikono ameikunja. Kijana alikaa kwa dereva, magoti yake yakigusa usukani. Taratibu alikaa upande wake, kwenye pedali zake za ziada, akapiga moyo konde. Kama kuna mahali duniani alipojua kusema habari mbaya, ni hapa.

Walizunguka mzunguko wa kwanza. Kijana alikuwa anajitahidi, gari likirukaruka, na Taratibu akasema mambo ya klachi. Mzunguko wa pili gari lilitulia. Alijiambia kwamba wakilipita debe la buluu, mojawapo ya madebe ya kuonyesha kona, atasema. Wakalipita. Akajiambia debe la njano. Likapita nalo.

"Sina vidonda vya tumbo," alisema, akitazama mbele.

Gari liliendelea.

"Nina kansa. Ilianzia tumboni, sasa iko kwenye ini. Hawawezi kuitoa. Sitapona."

Kisha akanyamaza, kama alivyozoea. Alingoja ile pumzi ndefu ambayo wanafunzi wake huitoa, na ile "asante, mwalimu, nimeelewa". Haikuja. Alichoona ni ukuta wa mwisho wa kiwanja ukisogea, na kijana hakuwa anakata kona.

"Kanyaga breki, mwanangu."

Kijana hakukanyaga. Taratibu akaikanyaga ya kwake, polepole, gari likakoroma likazimika hatua chache kutoka ukutani.

"Mama Mkubwa anajua?" kijana aliuliza, mikono bado kwenye usukani.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Kijana akafungua mlango, akashuka, akatembea mpaka ukutani na kusimama akiwa amewapa mgongo. Alikuwa mrefu kama baba yake. Taratibu alitaka kumfuata, lakini asubuhi ile miguu ilikuwa imegoma hata kumtoa kitandani bila kushikwa, na alijua hatafika. Hakuweza kufanya lolote ila kumtazama kupitia kioo chenye vumbi.

Nyuma yake kiti kililia, msichana akijisogeza.

"Kwa hiyo pilipili..." sauti ya msichana ilisema.

Hii Taratibu alikuwa ameiandaa. Alikuwa ameirudia moyoni siku zote hizo, na ndiyo hasa iliyomleta pale. "Pilipili haina kosa. Samaki hana kosa. Wewe ndiye usiye na kosa kabisa, unanisikia? Ulichonipikia chote kilikuwa kizuri. Hata ungepika vipi, isingebadilisha kitu."

Aliinua macho kwenye kioo cha ndani ili aone mzigo ukimtoka mtoto. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alivunja sheria yake mwenyewe, akamtazama mtu usoni wakati anaumia. Hakuna mzigo uliotoka. Uso wa msichana ulikuwa umelegea wote, kama wa mtu aliyeachishwa kazi.

"Hata ningefanya vizuri zaidi?"

"Hata hivyo."

"Kuna mboga bado sijajaribu. Jirani alinitajia."

"Hata hizo, mwanangu."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Watu wangapi walikuwa wamemuuliza swali hilo ndani ya gari lile! Gari limezimika mlimani, lori linapiga honi nyuma, mwanafunzi anatetemeka: mwalimu, nifanye nini? Na siku zote alikuwa na jibu, klachi, gia ya kwanza, taratibu. Sasa alilitafuta jibu kila mahali, akakuta patupu. Alikuwa amekuja kumvua mtoto lawama, na kumbe lawama ile na tumaini lake zilikuwa nguo moja.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui."

Msichana akaanza kulia, na kilio kikageuka hasira. "Nilikuwa naamka gizani! Mnanitazama nakoroga uji, mnajua, mnanyamaza! Mnanicheka!"

"Hakuna aliyekucheka."

"Mlinidanganya!"

"Ndiyo. Tulikudanganya."

"Usinidanganye tena." Alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na anakitikisa. "Kitu chochote. Hata kidogo. Hata ukidhani nitaumia. Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu, sitakudanganya tena."

Msichana alikaa kidogo akivuta kamasi. Kisha, bila kufungua mlango, akajipenyeza katikati ya viti, goti moja juu ya breki ya mkono, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitano. Hakuwa na miaka mitano tena. Alikuwa karibu sawa na mama yake kwa urefu na sasa alimzidi kwa uzito, na alijimwaga mapajani kwake na mwili wote, kichwa begani, kiwiko na ubavu vimemkandamiza tumboni upande wa kulia, pale pale.

Maumivu yalimpanda Taratibu mpaka macho yakaona giza. Alishika kishikio cha mlango, akauma meno. Nje, kijana alikuwa bado amesimama akitazama ukuta.

"Mama," msichana alisema shingoni mwake. "Nakuumiza?"

"Hapana, mwanangu," alisema. "Kaa hapo hapo."